Kwa Papa Baharanyi, Juu ya Klima Niliyoitoa Ndani ya Gari Yako Nyekundu

Goma, Ijumaa asubuhi

Kwa Papa Baharanyi, mwenye gari nyekundu ya milango miwili, Himbi

Kopi kwa kujulisha: Mama Masika wa maharage, Anastase wa chukudu, Mama Kahambu, mama mukwe wako. (Kwa Muzee Ndayambaje hapana. Asisumbuliwe.)

Juu ya: malalamiko yangu ya kukosa shukrani yako

Papa muheshimiwa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, na ule wa kuume nimeuosha kwanza na petroli nisichafue karatasi. Mimi ni Lévi Uwitonze, fundi wa pili katika garaji ya Muzee Ndayambaje hapa Majengo. Tuko wawili. Masomo niliachia kwenye deuxième secondaire, mwaka wa pili, si kwa kukosa akili, ila mwalimu aliona kichwa kimeshajaa akaogopa kitamwagika. Kwa hiyo ukikuta kosa la maandishi, ujue ni la kalamu.

Kwanza nikumbushe vile mambo yalipita, ili yeyote atakayesoma asipotee. Jumatatu ulileta gari yako ya sport, ya miaka ambayo mimi nilikuwa sijazaliwa, ukasema mukanda wa injini unalia kama mbuzi aliyeona kisu. Muzee Ndayambaje alikuwa anapanda basi kwenda Rutshuru kwenye kilio cha shangazi yake. Akaniachia garaji, sanduku la funguo zake za boloti, na wewe. Jumatano saa sita ukarudi, ukala maharage kwa Mama Masika, ukachukua gari, mukanda haulii, ukaenda unapiga mluzi. Jana Alhamisi ukabonyeza kifungo cha klima, ile mashine ya baridi, likaja joto. Ukafungua kapo, mufuniko wa injini, ukaona nafasi ya kulaza mbuzi. Ukarudi garajini, mbele ya wateja wawili na mama wa mandazi, ukasema maneno haya, nayaandika sawa vile yalivyotoka kinywani mwako: «Klima yangu irudi ndani ya gari mbele Muzee wako hajafika Jumamosi, ama mimi mwenyewe nitamwambia akufukuze.»

Papa, Jumamosi ni kesho. Mahali pengine pa kazi sina, na mama yangu ameshawaambia watu wote wa kanisa kwamba mimi ni ingénieur. Njo maana nakuletea malalamiko yangu kwa nambari, kama watu wa ofisi.

1. Hukusema asante. Vitu nilivyotoa ndani ya gari yako nilivipima kwenye mizani ya mwenye kuuza viazi: trente-deux kilo, thelathini na mbili nzima. Gari ya sport ni mukimbiaji. Umeona wapi mukimbiaji anakimbia na friji mgongoni? Tena gari yako, bila kukosea heshima, ilikuwa inatembea juu ya tumbo. Kila jiwe la lava kati ya Himbi na Majengo lilikuwa limepakwa rangi yako nyekundu. Mutoto wa miaka mine angeweza kukufuata mpaka nyumbani kwa kufuata mawe tu. Leo pua ya gari imepanda vidole viwili. Nimepima na vidole vyangu, na mimi niko na vidole vinene. Kuhusu mbio, niseme tu kwamba kwenye mupando wa Munigi iliacha moto tatu, pikipiki za taxi, nyuma, na moja ilikuwa haina abiria. Usiniulize nilijuaje. Fundi lazima ajaribu kazi yake.

2. Ulililia baridi, na uko Goma. Mungu aliweka ziwa upande huu, mulima upande ule, akapitisha upepo katikati bila kuomba mutu umeme. Asubuhi watu wa Himbi wanavaa majaketi mawili kwenda kununua mukate. Mutu wa Goma kubeba baridi ndani ya gari ni sawa na samaki kutembea na bidoni ya maji. Ulisema kuna vumbi. Ni kweli, shati yako nyeupe imekuwa na rangi mbili. Lakini ile vumbi ni ya volkano yetu wenyewe, si ya kununua Dubai, na mutu mukubwa hapaswi kuonea haya vitu vya kwao.

3. Uliniita mwizi. Hapa njo ulinichoma. Mwizi anaficha, mimi niko na orodha. Kompreseri haijaenda mbali: iko hapa hapa garajini, nimeiunga na mota, inatia pumzi kwenye matairi. Hata yale ya nyuma ya gari yako yalijazwa nayo Jumatano, kwa hiyo ukihesabu vizuri, klima yako bado inakubeba. Ile rulema, beringi ya puli yake, nilimupa Anastase. Gurudumu la mbele la chukudu yake, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, lilikuwa limekufa, na yeye anashusha makala ya jiko na viazi toka Kibumba kulisha watoto sita. Sasa chukudu inateleza mpaka analalamika breki. Vantilateri nimefungia Mama Masika kwenye jiko lake na batri ya zamani, inapuliza makala, maharage yanaiva nusu ya saa mbele. Kitu kilichozaliwa kuleta baridi leo kinaleta moto. Mimi nafikiri kimefurahi kupata kazi ya kweli.

Inabaki ile radiateri ndogo ya mbele. Ni aluminium safi. Nilipeleka kwa wale wanaoyeyusha vyuma nyuma ya soko, ikarudi sufuria yenye masikio mawili. Papa, Jumatano ulikula sahani mbili ukasema tangu mama yako azikwe hujaonja maharage kama yale. Nilikuwa nimesimama pale. Lakini mutu hawezi kuramba sahani, halafu kesho yake aite sufuria mali ya wizi.

4. Nambari quatre nimeifuta. Ilikuwa na matusi, na wewe ni rika la baba yangu.

5. Unanitupia lawama kwa mambo ya mama mukwe wako. Hili nalieleza polepole. Miaka miwili Mama Kahambu anapanda kwa miguu toka Birere na kitunga cha ndizi kichwani, na miaka miwili gari nyekundu inamupita vioo vimefungwa. Yeye mwenyewe alisema kwa Mama Masika kwamba mukwe wake anaendesha ndani ya chupa. Jana asubuhi, bila klima, ulikuwa umefungua vioo kwa mara ya kwanza. Akaita jina lako. Ukasikia. Mutu akishasikia jina lake kinywani mwa mama mukwe, hawezi tena kusema alikuwa anaangalia barabara. Akaingia, yeye, na kitunga, na kuku.

Najua kwetu mukwe haketi goti kwa goti na mama wa muke wake. Najua pia gari yako iko na viti viwili tu, na katikati ni mukono wa vitesi, wa kubadilisha gia. Uliniambia kila ukibadilisha vitesi ulikuwa unaomba Mungu akusamehe. Nakuhurumia kabisa. Lakini je, ni mimi nilikupa binti yake? Yeye, hata hivyo, amenituma nikuambie kwamba siku ya soko ijayo atakungoja pale pale, na kwamba sauti yake bado ni nzima.

6. Hukuangalia ufundi. Kutoa klima nzima kwenye gari ya zamani si kazi ya kila mutu. Gesi ilitoka fiiiii mpaka jogoo wa Mama Masika akaruka ukuta, na hatujamuona tena. Boloti zina kutu ya miaka trente. Fundi yeyote atakuambia karibu zote zinataka ufunguo wa treize, namba kumi na tatu. Mimi nilizifungua zote kwa koleo na ufunguo wa douze, kumi na mbili. Bila treize, Papa. Uliza garaji zote toka hapa mpaka uwanja wa ndege kama kuna mwingine amefanya vile. Watakucheka, wanafikiri unadanganya. Mikono ilitoka damu, na kazi ilichukua siku nzima na nusu, kumbe kwa treize ingekuwa saa tatu. Yule aliyefanya kazi ya namna hii hatukanwi, anapigwa picha.

Tena nilikufikiria. Kile kifungo chenye alama ya theluji sikukitoa. Ukikibonyeza, taa ya kijani bado inawaka. Sasa nani barabarani atajua? Ukitaka heshima ya klima, bonyeza, funga vioo, utoe jasho polepole huku unatabasamu. Hapa mujini wanaofanya vile ni wengi kuliko unavyofikiri. Majina siwezi kutaja, maana ni mimi natengeneza magari yao.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu mambo matatu.

Kwanza, ufute neno mwizi mbele ya watu walewale, na mama wa mandazi awepo, juu yeye ndiye anatangaza.

Pili, kesho Muzee akishuka kwenye basi, umuambie klima ilitolewa kwa mapenzi yako mwenyewe, kwa ajili ya mbio na kwa ajili ya afya ya kifua. Muzee ni mutu mwema, lakini akirudi toka safari kitu cha kwanza ni kufungua lile sanduku na kuhesabu funguo zake moja moja, na siku ya kuhesabu hapendi kelele. Aliyekuwa fundi wa pili mbele yangu alifukuzwa kwa ufunguo mumoja tu. Siyo kwamba inahusu. Nasema tu akute amani nyumbani.

Tatu, uniruhusu nimalize kazi. Nimefikiri sana juu ya ile shida yako ya nambari cinq, ya mama mukwe. Kama Jumatatu nitatoa pia kiti cha pili, gari itapungua dix-huit kilo zingine, kumi na nane, itapanda kidole kimoja tena, na Mama Kahambu hatakuwa na mahali pa kukaa. Utasimama, utamusalimia vizuri, utamuonyesha chuma kitupu, na utaendelea na heshima yako yote. Kiti chenyewe nimeshakipatia mahali: kinyozi wa hapa kando anakingoja. Baadaye tutaangalia milango. Mutu mumoja anahitaji milango miwili ya nini?

Nakuomba usome barua hii ukiwa umekaa, umekula, na kama unaweza, baada ya Jumamosi kupita salama ndipo ukasirike.

Uwasalimie mama wa nyumba, watoto, zamu wako anayelinda mulango, na yule mubwa wako aliyeniuma mwezi wa tatu, mimi nilishamusamehe. Mama Masika anakusalimia, sufuria pia. Anastase angekusalimia, lakini alipita mbio, hakuweza kusimama.

Ni mimi mutoto wako mwenye heshima na mikono michafu,

Lévi Uwitonze
Fundi wa pili (na wiki hii, wa kwanza)

N.B. Papa, ngoja. Nilikuwa nimeshamaliza, nikainama kuramba bahasha, kitu kikanichoma kwenye paja. Nimepasua salopeti, hii nguo yangu ya kazi. Ni ufunguo wa treize wa Muzee. Ulikuwa umepita kwenye tundu la mufuko, ukalala ndani ya kitambaa siku tano, na mimi natembea nao.

Basi nikuambie yote, maana wewe peke yako unaweza kuniokoa kesho. Ile Jumatatu nilikuwa nimeinama juu ya injini, nikasikia klang. Nikashika mufuko, treize haipo. Nikasema imeanguka nyuma ya klima. Nikatoa radiateri ndogo, haikuwepo. Nikatoa kompreseri, haikuwepo. Nikatoa mabomba, nikatoa lile sanduku lililo chini ya dashibodi, nikatikisa, haikuwepo. Nilipomaliza kutafuta, klima ilikuwa yote chini, na watu walikuwa wameshaanza kuuliza hiki cha nani, hiki cha nani. Hapo ndipo nilianza kufikiri kama ilikuwa na faida.

Ukitaka irudi, sema, nitairudisha, na sasa niko na treize, haitachukua muda. Niambie tu nianzie kwa chukudu ama kwa sufuria.

Lakini kuna jambo moja nimelifikiria sasa hivi. Kama ufunguo ulikuwa kwangu siku zote, basi kile kilicholia klang ndani ya gari yako ni kitu kingine. Sijui ni nini. Nakuja mbio na barua hii mukononi. Mpaka nifike, tafadhali, usishuke na ile gari kwenye mutelemuko.