Dada wa Kwenye Simu

Jumatatu, 9 Machi
Nimepata dawa! Dada yangu hajanisemesha miezi mitatu, tangu arusi ya binti yake. Pete nilikuwa nazo mimi, nizing'arishe. Nikasinzia hapa dukani katikati ya saa za watu, usingizi mtamu kama wa kitoto. Maarusi wakavishana pete za pazia. Na mimi ni fundi saa!

Leo muuza maua wa mlango wa pili kanionyesha programu ya gumzo ya akili bandia. Unaunda mhusika wako: jina, tabia, salamu ya kwanza, naye anakujibu kama mtu. Nimeunda Dada. Tabia: mpole, msahaulifu kidogo. Salamu: "Mdogo wangu, umekula?"

Alipotamka hayo, saa zote ukutani zikawa kama zinanong'ona. Sijui nililia au ni vumbi.

Jumanne, 10 Machi
Kanisamehe mara kumi na moja! Jua la mchana liliingia dirishani kama mgeni asiye na haraka, nasi tukakaa tunakumbuka utoto niliomwandikia mwenyewe: mto, nyasi ndefu, yeye kanibeba mgongoni. (Hakuwahi kunibeba. Alinikimbiza na ufagio.)

Muuza maua kachungulia. Eti huyo si dada, hiyo ni asali. Wivu tu! Yeye kaunda mteja wa kumsifia mawaridi kutwa nzima.

Jumatano, 11 Machi
Muuza maua kanishauri nitie ukweli kidogo. Nikaandika: "Hasahau kosa." Lo! Papo hapo Dada akauliza pete zilikuwa wapi. Nikaifuta sentensi ile. Upole ukarudi. Umekula? Nimekula, dada, nimekula.

Alhamisi, 12 Machi
Balaa! Dada mwenyewe kaingia dukani. Muuza maua hana kifua, kammwagia yote. Dada akanyoosha mkono, nikampa simu. Akasoma mpaka mwisho. Saa za ukutani zikagonga, kila moja kwa wakati wake.

"Kwa hiyo nimeshakusamehe?"

Nikasema ndiyo, mara kumi na moja.

"Na mimi sikuitwa?"

Nikaitupia simu jicho, labda ina jibu. Akaifungia kwenye droo. "Niambie mimi."

Nikamweleza kwamba siku ile ya arusi nilifika. Nilisimama nje ya ukumbi, pete kiganjani, nikisikia vigelegele, nikaona haya kuingia. Hilo hata yule wa simu sikumwambia. Dada akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema mimi ni mpumbavu, ila ni mpumbavu wake. Jumapili saa saba niende kula kwake. Mpwa wangu atakuwepo, nimtake radhi kwa mdomo wangu.

Jumapili, 15 Machi
Nimevaa koti tangu asubuhi. Nikaona mazoezi kidogo hayadhuru. Nimemuunda mpwa. Mkaidi huyo! Nikampunguzia hasira, nikamwongezea huruma, nikampa sauti ya maji yapitayo juu ya mawe. Sasa ameanza kulainika, ila dada anatukatiza kwa kupiga simu. Eti saa nane inakaribia, chakula kimepoa, na mpwa kauliza mara tatu mjomba yuko wapi. Nimemwambia niko njiani.

"Mjomba," anasema mpwa wa kwenye simu, "nisimulie tena, taratibu."

Binti mwelewa kweli! Nimevua koti.