Kemia Imenimwagikia

Jameni, leo nimeaibika mpaka nikapitia njia ya nyuma kuingia kwa plot yangu mwenyewe.

Mnajua mimi huuza sabuni ya maji hapa Kayole, natengeneza mwenyewe. Sasa msichana wangu Nekesa, Grade Eight, ndiye chair wa science club shuleni kwao. Club iko na watu wanne. (Wawili ni mapacha.) Mwalimu amesema wasipoongezeka leo, anafunga. Nekesa akaniambia, "Mum, kuja uwaonyeshe sabuni. Hiyo ni chemistry."

Mimi? Chemistry? Shule niliachia Form Two!

Na kumbe msichana ameshatangaza mamake ni mwanasayansi. Nikaazima koti jeupe kwa jirani wa butchery. (Lina doa. Msiulize.) Nikavaa wigi mpya.

Nafika, darasa limejaa, wananiangalia kama mtihani. Nikamwaga ungarol kwa kopo, yale mafuta mazito ya kutengeneza sabuni, nikakoroga na maji na chumvi. Chumvi ndiyo huifanya ishike. Ikashika! Nzito kama uji wa mama aliyetoka kujifungua.

Halafu kijana mmoja wa nyuma: "Auntie, kwa nini chumvi inafanya iwe nzito?"

Weh! Kwa soko hakuna mtu huniuliza hivyo. Wao huuliza tu kama inatoa povu.

"Swali nzuri sana," nikasema. Nikaongeza chumvi nikitafuta jibu.

"Na ukiweka sukari?"

Chumvi tena.

"Na molecules zinafanya aje huko ndani?"

Chumvi!

Nekesa ananitikisia kichwa polepole. (Nikadhani ananipa moyo.) Mkono nao ukasikia kukoroga kumekuwa rahisi. Nikajiambia ni uzoefu.

Nikaona nimalize na ile kitu huwa inanyamazisha wateja: nageuza kopo juu ya kichwa changu, na sabuni haidondoki.

"Mum, ngoja..."

"Nyamaza, Nekesa, mama yuko kazini!"

Nikainua. Nikageuza.

Yote. Wigi, macho, koti, mdomo. (Usijaribu. Ni chungu!) Halafu wigi ikaanza kuteleza yenyewe, taratibu, ikaanguka kwa meza mbele ya mwalimu. Paaf!

Kelele iliyotoka hapo ilisikika mpaka mtaa wa Tena.

"Nekesa! Maji!" Mimi sioni kitu. Yeye amenishika mkono, lakini anahutubia darasa: "Mmeona? Chumvi ikizidi, inarudi kuwa maji. Mum aliongeza na kuongeza."

"Tukiweka ungarol ingine, itashika tena?" Ni yule kijana wa nyuma.

"Tujaribu!"

Wakarukia meza. Jameni, wakanisahau hapo! Nasikia tu vijiko na kusukumana, mwalimu anapiga kelele, "Wa kuingia club apange laini!"

Nekesa ndiye aliniosha kwa mfereji nje.

"Club imefungwa?" nikauliza.

"Imejaa, Mum! Mwalimu anatafuta viti. Na wanauliza utarudi lini."

Nikafurahi kidogo. "Kweli?"

"Eeh. Wamesema tu ukuje na wigi ingine."

Mnaocheka, chekeni polepole. Macho bado inaniwasha na sitaki kulia mara ya pili.