Torshi Ndani ya Bidoni

Siku ya kwanza, tarehe 2 mwezi wa sita, 2025

Leo nimetoa redio, nimepata torshi. Biashara ya akili!

Gauthier, ule mwenye butiki nyuma ya soko, ameniapia kama Bunia muzima hakuna torshi kama hii. Urefu: kidole yangu ya kati. Uzito: yai moja ya kuku. Iko na kishikio ya kuifunga ku mufuko ya shemizi, hapa kifuani. Mwanga mbili, kidogo na kubwa. Ile kubwa inafika metre 200, na haiogope maji. Nikamwambia mimi siamini muuzaji, ninapima mwenyewe. Mwaka fulani nilitoka Niania mupaka hapa na kamyo ya mizigo bila taa hata moja, torshi katika meno, siku tatu. Tembo walikuwa wanatoka njiani wananipa heshima! Gauthier akaniuliza sasa siku tatu na torshi katika meno nilikuwa ninakula na nini. Mutu ya butiki hajui safari.

Nyumbani kimya. Ile redio ilikuwa inasema. Torshi haisemi. Ninaikata alama moja: 9 juu ya 10.

Lakini niko na mupango. Shirika yetu ya kanisa inasali kila siku ya tano jioni, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Tangu Adèle, bibi yangu, alienda Mahagi kulea mutoto wa binti yetu Priscille (alisema mwezi moja, sasa iko mine), zamu inaruka kwangu. Inatoka kwa jirani Edouard, inaenda nyumba inayofuata. Kama vile mutu anaruka matope! Miezi mine hakuna mutu amekalia viti vyangu. Sasa umeme imekatika kartié, mutaa wetu muzima, na Edouard anajivuna na taa yake kubwa ya jua. Tutaona.

Siku ya pili, tarehe 3

Nilienda kwa Mama Régine, mukubwa wa shirika. Nikamulomba zamu. Nikamwonyesha torshi. Hakuiangalia. Akasema eti Tonton Nicolas, hatukuruki sababu ya giza, tunakuruka sababu ya tembo. Eti mara ya mwisho sala ilimalizika, hadithi yangu ikaanza, na watoto walilala chini wote, hata katekista.

Nikaapa: siku ya tano, hakuna tembo. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikasema ninakula sana. Akasema sawa, watakuja.

Watakuja!

Siku ya tatu, tarehe 4

Nimeanza kuibeba. Torshi ya kila siku lazima izoee mutu. Niliifunga ku mufuko ya shemizi, nikaenda ku robine kushota maji. Katika mustari ikajiwasha yenyewe. Mimi sikuona. Wamama wakaanza kucheka, mumoja akasema eti Tonton, roho yako inawaka, bibi anarudi lini? Nikawajibu kama ninafanya uchunguzi. Wakacheka zaidi. Alama: 7.

Adèle akapiga simu. Akauliza niko na nani. Nikasema nyumba imejaa watu, hakuna hata fasi ya kupita. Akasema mbona hawasikilizike. Nikakohoa na sauti yangu, kiisha nikakohoa na sauti ingine, ya mutu munene. Akasema nikunywe dawa ya kifua. Kiisha akaniuliza juu ya bidoni yake ya maji, ya manjano, ile alipewa na mama yake, ile haijawahi kutiwa petroli. Nikasema iko salama, iko na mimi, tunaangaliana.

Siku ya tano, tarehe 6

Jana sikuandika. Nilipangusa viti. Viti kumi na mbili, mara mbili.

Leo, saa kumi na moja ya jioni, saa moja mbele ya watu kufika, nikakumbuka sijaipima torshi ndani ya maji. Basani haina urefu. Bidoni ya Adèle njo iko na urefu, na ilikuwa imejaa. Nikawasha mwanga kidogo, nikafunga torshi na kamba ya kiatu, nikaishusha kwa mudomo ya bidoni. Mimi ninajua kufunga! Kule Boga nilifunga ngombe dume kumi na kamba moja na hakuna hata moja iliponyoka.

Torshi iliponyoka.

Nikageuza bidoni, nikamwaga maji nusu. Torshi ilifika ku mudomo, kishikio ikakwama, haikutoka. Nikatikisa. Nikaingiza kijiko. Nikaiita kwa jina la Gauthier. Ikarudi chini. Na pale mulangoni ninasikia hodi: Mama Régine, Edouard, katekista Augustin, na wengine nyuma yao. Giza inaingia. Nikarudisha maji, nikasimamisha bidoni katikati ya nyumba, sikuwa na fasi ya kuificha.

Sasa, sikia. Bidoni yote ikawaka! Manjano kama papai ya kuiva. Watu wote wakaonekana sura. Augustin akasoma Injili bila kuvaa miwani. Muzee mumoja akasema taa ya Edouard inamuchoma macho, lakini hii inamupumzisha. Watoto wakaizunguka, hakuna aliyelala. Watu kumi na saba! Watano walikaa chini, viti ilipunguka.

Adèle akapiga katikati ya wimbo. Mama Régine akanyakua simu, akaiinua juu ili asikie. Kiisha nikasikia Adèle anacheka. Akaniambia eti Nicolas, kumbe safari hii kweli kuna watu. Akasema anataka kuona ile bidoni na macho yake. Atakuja wiki ijayo siku ya ine. Atapiga siku ya tatu kunijulisha gari gani, niende kumupokea.

Mama Régine akatangaza: mupaka umeme irudi, sala itakuwa kwa Tonton Nicolas, kwa ile bidoni.

Walienda. Viti iko bado na joto. Torshi sikuitoa.

Siku ya posho, tarehe 7

Nimeamuka na hasira. Bidoni, bidoni! Hakuna mutu alisema torshi! Na hadithi ya tembo sikuwahi kuwaeleza hata kidogo.

Edouard akanipigia kelele juu ya lupango, ule wigo kati yetu. Eti pongezi kwa bidoni, lakini ile kitorshi ni kama jicho ya panya, kama ingekuwa inje watu wangejigonga ku ukuta. Eti taa yake inafika ku paa ya kanisa. Nikamwambia jioni tukutane inje, mwanga kwa mwanga, mwanaume kwa mwanaume.

Nikachukua musumeno. Bidoni iko na roho ngumu, lakini nimeipasua katikati. Torshi hii hapa! Inawaka! Nikaifungua palepale na mikono ya maji, kuangalia kama maji iliingia ndani. Haikuingia.

Sasa imeingia.

Jioni Edouard akamulika paa ya kanisa. Mimi nikabonyeza, nikabonyeza. Nikamwambia iko inapumzika. Hakucheka hata. Aliona vipande viwili vya manjano ku mulango yangu, akasema eti ndugu yangu, umefanya nini. Akazima taa yake, akaingia kwake.

Siku ya Mungu, tarehe 8, Pentekoste

Padri alihubiri juu ya moto na mwangaza. Nilijua anasema na mimi.

Kutoka kanisa nikaenda moja kwa moja kwa Gauthier. Nikamufundisha kosa yake: torshi ilikuwa ndogo mno. Akanionyesha ya kweli. Ndefu kama mukono, metre 500, na inapiga king'ora. Mufukoni haiingii, lakini mutu ya nguvu anaibeba ku bega. Alitaka nimupe kitu ya bei yake. Nikamupa simu, na namba yangu ndani.

Gauthier akauliza kama hakuna mutu atanitafuta. Nikamwambia: bibi yangu anatoka Mahagi siku ya ine. Gari gani, sina lazima ya kujua. Nitasimama ku barabara na torshi ku bega, yeye njo ataniona.