Midomo ya Mzee Luhaga

Alhamisi, 8 Juni 1995

Nimezisikia! Spika mpya za mzee Luhaga, dukani kwake mtaa wa Rwagasore. Zimetoka Ulaya kwa meli, kisha treni mpaka Mwanza. Mbao tupu, urefu wangu, na juu ya kila moja honi pana kuliko beseni la kuogeshea mtoto. Mjini tayari wanaziita Midomo.

Mzee aliweka kanda ya kwaya. Nikawahi kiti cha katikati, ndipo mahali pa mtaalamu. Maoni yangu: besi imeshiba. Sauti za juu safi, hazikwaruzi. Waimbaji wamesimama kila mmoja mahali pake, ungeweza kuwagusa mabega. Halafu jambo moja. Nyuma ya kwaya, mtu alivuta benchi akakaa. Akakohoa kidogo. Nikageuka. Hakukuwa na mtu, wala benchi. Okwach naye aligeuka.

Okwach huyu alikuwa fundi wa sinema, Mjaluo wa Shirati. Anajiona ndiye mwenye masikio Mwanza nzima. Simpendi.

Kubwa zaidi: Luhaga anatafuta wakala wa kuziuza Sengerema na Geita, ng'ambo ya kivuko cha Busisi. Atampa yule atakayemletea ushindi Jumapili ya tarehe 18, Bujora, kwenye sikukuu ya ngoma. Mama Bernadeta, mwenye duka la mtaa wa pili, naye anapeleka spika zake nyeusi za Kijapani. Watapambana kama Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma: pande mbili zinatazamana, zinapiga kwa wakati mmoja, watu wanahamia wanakopenda. Penye watu wengi ndipo pameshinda. Tangu chama cha ushirika kitupunguze kazini nimekuwa nikingoja jambo kama hili. Uwakala ni wangu!

Jumamosi, 10 Juni

Okwach amenizidi. Kaleta kanda ya nyatiti, kinubi cha Kijaluo, aliyorekodi kwa mjomba wake. Ulisikia ukucha ukigusa uzi kabla uzi haujalia. Kwenye kanda mbwa alibweka. Mbwa wa mtaani wakajibu, kisha wote wakanyamaza ghafla na kuondoka mbele ya duka. Luhaga alifumba macho kwa raha. Akasema Okwach ana kanda, bwana Revocatus, yaani mimi, ana maneno.

Nimefikiri njia nzima. Kanda ninayo! Au tuseme Dorotea, mke wangu, anayo. Baba yake, marehemu Ng'washi, alikuwa manju wa Wagika, kiongozi wa nyimbo aliyejulikana mpaka Magu. Sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu. Dorotea ameifunga kwenye kitenge, sandukuni. Huitoa mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki mzee. Anafagia, anawakalisha watoto, tunasikiliza, anairudisha.

Leo nilimgusia kwa mbali, kama mtu anayeulizia dagaa. Akasema nikiigusa atarudi kwao na watoto. Ana hasira za bure. Kuazima siyo kugusa.

Jumatatu, 12 Juni

Nimeazima. Dorotea alikuwa sokoni. Ndani ya kitenge nimeweka kanda ya semina ya wadudu wa pamba. Uzito ule ule. Akili!

Jumanne, 13 Juni

Leo nimeipeleka dukani. Kwenye redio yetu ya nyumbani mzee Ng'washi ni mikwaruzo tu na ngoma za mbali. Kwenye Midomo alikuwa amesimama. Kati ya spika mbili, karibu nami kuliko Luhaga. Nilimsikia akimeza mate. Nilisikia njuga zake zikitulia alipoinua mguu. Nikasahau uwakala, nikasahau karanga mdomoni. Halafu katikati ya wimbo akaacha kuimba. Akauliza kwa Kisukuma, polepole, ni nani huyo amekaa mbele yake.

Sijawahi kusikia swali hilo. Miaka yote hiyo! Nikawaambia ni mambo ya kurekodi. Luhaga akataka irudiwe. Nikarudisha. Safari hii swali halikuwepo. Palikuwa na kimya, pale pale, na mtu anapumua. Anangoja ajibiwe.

Nilijikuta nimesema, "Shikamoo baba." Okwach hakucheka. Ningefurahi kama angecheka.

Jumatano, 14 Juni

Nimegundua kosa! Kwetu mkwe hakai ana kwa ana na baba wa mke wake. Anakaa pembeni, anaangalia chini, anaongea akiulizwa. Mimi nilikaa katikati kabisa, miguu nimeitanua, natafuna. Lakini nifanyeje? Sauti nzuri ipo kiti cha katikati tu. Midomo imetengenezwa hivyo. Wazungu hawakufikiria wakwe.

Leo nilikaa pembeni kwa adabu, uso ukutani. Maoni: besi hakuna. Kushoto kimya. Mzee anaimba kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Luhaga akauliza mtaalamu gani huyu anasikiliza ukuta. Okwach akachukua kiti cha katikati. Yeye hajaoa kwa Ng'washi. Anasema mzee aliimba vizuri mno, na mwishoni akacheka.

Akacheka! Hakuwahi kucheka mbele yangu alipokuwa hai. Leo amemchekea Okwach. Nimeumia.

Ijumaa, 16 Juni

Mpango mpya: asinitambue. Miwani myeusi, koti la kuazima, kofia ya pama mpaka kwenye nyusi. Luhaga alikuwa ametoka; nikakaa katikati. Okwach alitoka akasimama juani, akasema yeye hayumo.

Kanda ikaanza. Ngoma zipo. Njuga zipo. Waitikiaji wanaitikia, lakini hakuna wanayemwitikia. Mahali alipokuwa anasimama palikuwa wazi, na uwazi wenyewe ulisikika. Ndivyo Midomo ilivyo, hata asiyekuwepo unajua alikuwa anasimama wapi. Nikavua miwani. Nikavua kofia. Nikaomba radhi kwa sauti. Hakurudi.

Nilijaribu redio ya nyumbani Dorotea alipokuwa kwaya. Hivyo hivyo. Waitikiaji peke yao, wamechangamka, hawajui kwamba wameachwa. Jumatatu ndiyo siku ya kumbukumbu ya mzee. Nimekwisha.

Jumapili, 18 Juni

Bujora. Watu hawahesabiki. Upande wa Bernadeta dansi la Zaire, vumbi linatimka. Upande wetu Luhaga akaamuru kanda ya Ng'washi. Hajui kilichotokea, na sikuona sababu ya kumharibia siku. Nikabonyeza, nikakimbilia nyuma ya Midomo. Angalau nyuma siyo mbele.

Wazee wa Kigika waliutambua wimbo kwa ngoma za mwanzo. Wakaja mbio. Wakasimama kumngoja manju. Wapi! Waitikiaji wa kwenye kanda wakaitikia hewa. Watu wakaacha kuongea, mmoja mmoja. Bibi mmoja akawavuta wajukuu wake nyuma ya gauni lake.

Ndipo nikamwona Dorotea! Amekuja na akina mama wa parokia. Akaujua wimbo, akajua kila kitu. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Midomo, ubavu ubavu, macho chini. Akamsalimu baba yake. Akamtajia majina ya wajukuu waliozaliwa baada yake. Akamwambia mume wake ni mjinga, asamehewe. Nilisikia kila neno kupitia kwenye mbao.

Mzee akaitikia. Siyo mimi peke yangu niliyesikia. Bujora nzima imesikia! Kisha akaimba, mwanzo mpaka mwisho, na upande wa Bernadeta watu wakaisha. Hata fundi wake aliacha mitambo akaja. Wimbo ulipokwisha mzee alisema amewaona, inatosha, sasa anakwenda. Nilikuwa nimeegemea mbao. Zilikuwa za baridi, katika jua lile.

Tumeshinda. Uwakala kapewa Okwach. Luhaga asema hawezi kumtuma Geita mtu anayejificha nyuma ya bidhaa.

Jumatatu, 19 Juni

Dorotea alifagia kama kawaida. Akawakalisha watoto. Akaweka kanda kwenye redio yetu. Ngoma, njuga, waitikiaji. Mzee hayumo. Dorotea alisikiliza mpaka mwisho. Kila mahali ambapo baba yake alitakiwa kuingia, alifungua mdomo kidogo, halafu akaufunga. Mtoto mdogo akauliza babu yuko wapi. Akamjibu amekwenda.

Kisha akanigeukia. Akasema alikuwa anamsikia mara moja tu kwa mwaka, na hiyo moja mimi niliiona nyingi. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto, masikio haya haya ninayojisifia. Kitenge kakikunja kikiwa kitupu, akakirudisha sandukuni.

Jumanne, 20 Juni

Nimelala mkekani. Nimefikiri kwa utulivu. Tatizo sasa nimelielewa: marehemu ni wepesi wa kukasirika, na wakiondoka huwapati tena. Anayehitajika ni mtu aliye hai!

Na mama mkwe yupo Buhongwa, mzima kabisa. Kumbe ndiye aliyekuwa anaitikia nyuma ya Ng'washi miaka yote. Sauti ya juu, safi, haikwaruzi. Midomo ingeipenda. Luhaga akiisikia, uwakala atamnyang'anya Okwach siku hiyo hiyo.

Kwa desturi sitakiwi hata kukanyaga kivuli cha mama mkwe. Lakini kinasa sauti changu hakisikii kwa mbali. Nimeshanunua kanda mpya, na mashine nitaificha kwenye kikapu chini ya mihogo. Dorotea hana haja ya kujua. Kesho asubuhi nitakuwa nimekaa mbele ya mama mkwe, goti kwa goti.