Barafu ya Kwanza Kavumu

Jumatatu, 7 Novemba 1983

Ukungu. Tena ukungu! Tumefika uwanja wa Kavumu saa kumi na mbili asubuhi. Ndege imejaa mafuta, abiria wamejaa hasira, na njia ya kurukia haionekani. Nikinyoosha mkono, vidole navikisia tu. Tumeruka saa nne. Kila Novemba ni hivyo hivyo. Ukungu unajikalia juu ya uwanja kama mgeni asiyejua kuaga, na sisi marubani tunangoja kwenye buvette, kibanda cha vinywaji cha uwanja, chai inapoa.

Mimi sikai. Natembea huku na huku nikitazama saa, ili watu waone kwamba kuna mtu anayejali. Commandant Grégoire, yeye anakaa. Anafungua ubao wake wa dama, anacheza na askari wa uwanja, anacheka. Rubani gani huyo!

Lakini leo kuna habari. Patron Théodore, mwenye kampuni, ametuita sisi wawili. Anataka kununua ndege ya pili huko Ubelgiji. Rubani mmoja atakwenda Brussels mwezi wa kwanza, wiki sita, kujifunza kuruka wakati wa baridi: theluji, barafu juu ya mabawa, na namna wanavyoiondoa kabla ya kuruka. Rubani mmoja tu! Amesema wiki hii ataangalia nani kati yetu anajua kuishi na asubuhi za kuchelewa. Jumamosi atatangaza.

Lazima niwe mimi. Sababu naiandika hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Eulalie, mke wangu, anadhani ni la mafuta ya ndege. (Kazini mimi ni citoyen Bisimwa, kama inavyotaka sheria iliyokataza majina ya Kizungu. Humu ndani nabaki Polycarpe, jina la ubatizo wangu.) Miaka kumi na mbili iliyopita, kwenye arusi ya binamu yake, nilimwambia Eulalie kwamba nimewahi kutua Brussels katikati ya theluji, na kwamba niliishika kwa mikono hii miwili. Alinisikiliza mpaka chakula chake kikapoa. Miezi sita baadaye tukaoana.

Ukweli: sijawahi kupita Kinshasa. Theluji nimeiona kwenye kalenda ya mapadri. Grégoire akienda, atarudi na picha, atatutembelea hapa nyumbani Kasha, na Eulalie ataanza kuniuliza maswali. Nimekwisha!

Jumanne, 8 Novemba

Hila ya kwanza: kuufukuza ukungu. Niliwaza hivi. Upepo unafukuza moshi, kwa nini usifukuze ukungu? DC-3 yetu ina injini mbili kubwa. Nikafunga breki, nikawasha zote mbili, nikasukuma nguvu mpaka mwisho.

Ukungu ulisogea! Niliona kwa macho yangu mita kumi nzima za uwanja. Kisha ukarudi. Vilivyokwenda bila kurudi ni kofia ya Patron, kuku watatu wa mlinzi, na kete za dama za Grégoire. Kwa kete sikujuta hata kidogo. Grégoire aliziokota majanini moja moja. Mbili hazikuonekana, akaweka vizibo vya bia mahali pake, akaendelea kucheza. Mtu asiye na haya.

Jioni nimeanza mazoezi ya baridi. Tuna frigo ya mafuta ya taa ambamo Eulalie anaweka juisi ya marakuja ya kuuza. Nilifungua, nikaingiza kichwa. Dakika ishirini! Masikio yalikufa ganzi, nikajisikia Mbelgiji kabisa. Eulalie akanikuta. Nikamwambia kwamba ninakumbuka Brussels. Akaweka mikono kiunoni.

« Kumbuka, Papa Lucien, lakini ufunge mulango. Juisi yangu iko napata moto. »

Lucien ni mtoto wetu wa kwanza. Naye alitaka kuingiza kichwa.

Jumatano, 9 Novemba

Nimepata! Nimepata!

Wakati wa ukungu nilifungua kitabu cha ndege yetu, ambacho kina umri mkubwa kuliko wangu. Ukurasa umeliwa na panya, lakini maneno yamebaki: barafu kwenye panga za injini huondolewa kwa kunyunyiza alkoholi. Alkoholi! Hapa Kivu! Hao Wazungu wanahangaika kuagiza madawa, na sisi tunaitengeneza nyuma ya nyumba.

Kesho Patron ataona kwa macho yake kazi kamili ya kuondoa barafu, hapa hapa Kavumu. Barafu yenyewe nimeipata kwa mchinjaji mmoja mjini mwenye chumba cha baridi, mapande manne makubwa. Nimeyafukia ndani ya magunia ya pumba za mpunga, zilizokuja na lori la mchele kutoka Luberizi, yasiyeyuke njiani. Pampu ya kubeba mgongoni, ile ya kunyunyizia kahawa dawa, nimeiazima kwa shemeji yangu. Alkoholi ni kanyanga, lita ishirini, ile kali inayowaka ukiikaribishia kiberiti. Imetoka Kabare kwa mama mmoja ambaye sitaandika jina lake hata hapa.

Najua, kanyanga imekatazwa na serikali. Ndiyo maana juu ya bidoni, dumu lake, nimeandika kwa herufi kubwa: DAWA YA NDEGE. Camille, fundi wetu wa injini, ameionja. Amesema ndege itapona.

Alhamisi, 10 Novemba

Aibu. Aibu ya kupimwa kwa kilo!

Asubuhi ilianza vizuri, yaani ukungu ulikuwa mzito. Abiria wa leo walikuwa kwaya ya Waprotestanti, watu ishirini na wanne, wanakwenda Kindu kuimba kwenye ufunguzi wa kanisa. Ni watu ambao pombe hawaigusi, hata siki wanaiogopa. Kiongozi wao, Maman Yolande, alikuwa ameketi mbele ya wote, Biblia mapajani.

Mimi na Camille tukaponda barafu kwa nyundo, tukaimwaga juu ya bawa. Ikateleza. Tukaimwaga tena. Ikateleza tena, yote ikamwangukia Camille. Mara ya tatu tukaichanganya na pumba zake, ikashika. Patron akasogea. Askari wakasogea. Hata Grégoire aliinua macho kutoka kwenye dama. Nikavaa pampu mgongoni, nikaanza kunyunyiza.

Ilifanya kazi! Naandika hivi kwa historia: barafu iliondoka yote. Nilikuwa naruka kwa furaha, na huenda kule kuruka ndiko kulikopasua mpira wa pampu. Kanyanga ikashuka mgongoni, ikaingia suruali, ikajaza viatu. Upepo nao ukanirudishia usoni yale niliyonyunyiza. Nikapiga chafya mara saba.

Sasa sikia ubaya wa bahati yangu. Saa mbili kamili, ukungu ukaondoka! Siku zote ni saa nne, leo saa mbili. Jua likawaka, njia ikawa wazi, na ndege pekee iliyopo Kavumu haikuweza kuruka kwa sababu bawa lake lilikuwa limejaa pumba za mpunga. Tukafagia saa nzima. Patron alikuwa anatazama saa yake na kunitazama mimi, kwa zamu.

Mwishowe nikasimama chini ya ngazi kuwakaribisha abiria. Nikatabasamu. Maman Yolande akafika mbele yangu, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua tatu.

« Bandugu, commandant amelewa! Hata ndege yenyewe imelewa! »

Nikaapa kwamba sijaonja hata tone. Nikaeleza kwamba ile ni dawa ya ndege, ya sayansi, imeandikwa kitabuni. Walikuwa wanaanza kunisikiliza, naapa walikuwa wanaanza, ndipo askari mmoja akaja kutoka nyuma ya gurudumu na kikombe mkononi, macho mekundu.

« Commandant, ile dawa ya ndege imebakia kidogo? »

Kwaya ikaketi kwenye nyasi. Ikaimba wimbo mrefu kuhusu mwisho wa walevi, sauti nne, vizuri sana. Grégoire akamaliza mchezo wake (alishinda), akapangusa mikono, akawapeleka Kindu. Mpaka ndege inapotelea mawinguni nilisikia bado wanaimba.

Ijumaa, 11 Novemba

Patron amesema nibaki nyumbani nikauke.

Nguo za kazi zimefuliwa mara tatu. Eulalie amezianika nje, nyuki wote wa Kasha wamekuja. Gendarme, polisi wa mtaa, naye amekuja kuuliza habari ya bidoni. Akalifungua, akakuta tupu, akalinusa kwa huzuni, akaenda zake.

Sijakata tamaa. Nimempelekea Patron kofia mpya badala ya ile iliyopeperuka. Ni ndogo. Imekaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha chungu, lakini ameipokea.

Jumamosi, 12 Novemba

Grégoire.

Ni Grégoire anayekwenda! Patron alitutangazia mbele ya kila mtu. Akasema aliandika Brussels kuuliza kazi ya rubani ni ipi bawa likishika barafu, na jibu limefika. Kumbe barafu inaondolewa na watu wa chini, wana gari lao lenye ngazi na maji ya moto. Rubani anabaki kwenye kiti chake. Mbele yake kuna ndege kumi, kumi na tano, kila moja inangoja zamu. Anakaa saa moja, mbili, wakati mwingine tatu, na kazi yake ni kungoja bila kuharibu kitu. Aliposema "bila kuharibu kitu" alinitazama mimi, na ile kofia niliyompa iko kichwani mwake.

« Grégoire anajua kuikala », akasema, yaani anajua kukaa. Basi, imekwisha. Miaka yote nilidhani yule mtu ni mvivu, kumbe alikuwa mwanafunzi!

Patron amenifariji. Mwakani kutakuwa na nafasi nyingine, yangu, kama nitajifunza kungoja. Nimemwahidi kwamba nitajifunza haraka. Jumatano nitakuwa nimemaliza.

Jumapili, 13 Novemba

Baada ya misa nimemwambia Eulalie kila kitu. Heri aupate ukweli kwangu kuliko kwenye picha za Grégoire. Nikamwambia: sijaenda Brussels, sijashika theluji, nilikudanganya.

Alicheka mpaka akakaa juu ya kreti. Alijua! Tangu siku ile ile ya arusi alijua. Kumbe nilimweleza kwamba watu wa Brussels wanachoma theluji na kuila na chumvi.

« Papa Lucien, theluji banachoma? »

Nikamuuliza basi kwa nini alinikubali. Akasema vijana wote wa meza ile walimsimulia mishahara yao. Mimi peke yangu nilijitaabisha kumtungia nchi nzima. Nikalia. Naandika wazi: nililia, kwa furaha. Akanipa juisi ya marakuja, baridi kabisa, bure.

Nimeapa: uongo basi. Hila basi. Polycarpe mpya.

Jumanne, 15 Novemba

Ukungu mpaka saa tatu. Nimengoja nimeketi. Dakika kumi na tisa! Maendeleo.

Alasiri Grégoire amekuja nyumbani. Sijawahi kumwona vile, anazungusha kofia mikononi. Amesema anaogopa. Hajawahi kuona theluji, na Kavumu yote inajua, kwa hadithi zangu za buvette, kwamba mimi niliwahi kutua ndani yake. Ameniomba nimpe mawaidha, kama mkubwa wake. Eulalie alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ananitazama.

Nikafungua kinywa nimwambie ukweli. Kweli nilikifungua.

Nimeongea saa mbili. Nimemweleza kwamba theluji ya asubuhi si sawa na ya alasiri. Asiikanyage kwanza kwa mguu wa kushoto. Ikianguka juu ya bawa, aisalimie kwa Kiflamishi, lugha ya huko. Ameandika yote. Ameuliza kama inauma, nikamwambia mwanzoni tu. Eulalie alikimbilia chumbani, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanamcheza.

Wakati wa kuaga nimempa zawadi ya kuwapelekea wale watu wa gari la ngazi, wajue kwamba na sisi huku tuna dawa yetu. Bidoni dogo, lita tano. Safari hii sijaandika DAWA YA NDEGE, makosa hayo nimeyaona. Nimeandika DAWA YA KIKOHOZI.