Pumu ya Naima na Asali ya Severini

Jumanne, 1 Julai 2025. Tingi.

Severini kaja tena na asali! Mbele za watu! Nimekaa barazani na wenzangu wa msikitini, nawaeleza mambo ya maana, mara huyo anaingia uani kwangu na chupa kainyanyua juu kama nahodha aliyechukua kombe. Asali ya Rondo, anasema. Nyuki wa msituni. Inafungua kifua cha mtoto. Mke wangu Sauda kaipokea kwa mikono miwili na kumwita kaka Severini. Kaka! Mtu kashuka juzi tu kutoka kwao Umakondeni, kapanda mikorosho yake ubavuni mwa yangu, leo kawa kaka.

Kifua chenyewe ni cha binti yangu Naima. Ana miaka minane. Pumu anayo tangu anatambaa. Ikimshika unasikia filimbi ndani kwa ndani, mabega yanapanda, maneno yanamtoka moja moja. Zahanati walimpa dawa ya kuvuta, ile ya kubonyeza mdomoni. Anabonyeza, anavuta, anarudi kucheza. Sauda haondoki nyumbani bila kuhakikisha ipo.

Sikatai. Inatuliza. Lakini haiponyi! Nesi mwenyewe alikiri. Sasa mimi Shamte, baba mtu, mwenye shamba na simu ya kisasa, nikae kutwa nangoja kutulizwa?

Nimeamua. Naima atapona kabisa kabla korosho hazijaanza kudondoka, na atapona kwa dawa yangu. Kundi letu la WhatsApp la tiba za asili lina watu mpaka Muscat. Severini ana nyuki tu.

Ijumaa, 4 Julai.

Dawa ya kwanza tayari. Kitunguu saumu, tangawizi, habasoda, ndimu, pilipili manga, na mafuta ya samaki ambayo sikuambiwa niweke ila niliona yatasaidia. Nimeitwanga mwenyewe asubuhi. Sauda alipita jikoni, akanusa, akatoka. Wivu.

Nikavaa kanzu kabisa, niwahi msikitini baada ya kumnywesha. Naima akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Baba, kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Machozi yakanitoka. Nikasema tamu.

"Kunywa tena."

Nikanywa tena! Mtoto wangu mwenyewe ananipima! Mwisho akapiga funda moja kwa kunionea huruma, na funda hilo halikukaa tumboni hata kidogo. Lilirudi lote, na kingine juu yake, kwenye kanzu. Sina kanzu nyingine. Nikafuta na kitambaa nikaenda hivyo hivyo. Msikitini safu nzima ilisogea. Abilahi, rafiki yangu wa utotoni, aliniuliza kwa sauti ya upole kama nyumbani kuna msiba wa mbuzi.

Nimerudi nimekuta Naima analamba kijiko. Asali! Na Severini yuko ukutani kwake anatabasamu. Hakuwa ananitazama mimi, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumamosi, 5 Julai.

Leo nimepuliza salfa. Mikorosho imeanza kuchipua maua na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, hausubiri mtu. Mashine ya kuazima, inanguruma kama lori bovu. Nilianza na mikorosho iliyo karibu na nyumba ili Severini aone kwamba kuna watu wanaofanya kazi mapema. Upepo ukageuka. Siyo kosa langu, upepo haujulikani una akili gani. Nyumba yote njano. Kuku njano. Shuka za Sauda kwenye kamba njano.

Alasiri Naima akaanza kukohoa, kisha filimbi. Akavuta dawa, akatulia. Nikajua mara moja: asali! Nyuki wanatembea kwenye maua, maua yana vumbi, vumbi limeingia kwenye asali, asali imeingia kwa mtoto. Nikamweleza Sauda taratibu, hatua kwa hatua.

Sauda alikuwa anakung'uta shuka. Akasema ni salfa. Akasema nesi alishatuambia, vumbi na moshi ndivyo vinavyomwamshia huyu mtoto ugonjwa, na kwamba msimu wa kupuliza anataka kumpeleka Naima Miteja kwa bibi yake.

Nikapandwa na hasira! Salfa ni dawa! Inaponya mikorosho! Kitu kinachoponya mti mzima kitamdhuru vipi mtoto? Alinikung'utia shuka usoni, akasema samahani, upepo.

Miteja haendi mtu. Mama mkwe akimpata Naima wiki moja tu, mtoto akinenepa, Tingi nzima itasema kapona kwa uji wa bibi.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Nimegundua tatizo liko wapi. Kila nikitaka kuona kama dawa yangu inafanya kazi, ile dawa ya kuvuta inatangulia. Mtoto akipata nafuu, sifa inachukua yenyewe. Ni kama kucheza bao na mtu anayechota kete zako.

Kwa hiyo nimeiondoa uwanjani. Kwa muda tu! Nimeichomeka ndani kabisa kwenye makuti ya paa la jiko. Pakavu, salama.

Sauda aliitafuta kutwa. Alifungua kila mkoba, akafukua mpaka pipa la mchele. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote, nikaingia hadi chini ya kitanda na kutoka na buibui kichwani. Naima yeye alikaa kizingitini, haulizi, kaweka mkono kifuani tu. Sikuupenda mkono ule.

Sauda kasema kesho alfajiri anakwenda zahanati kuomba nyingine. Vizuri. Asubuhi nitakuwa na nafasi. Mtu mmoja wa kundini ameandika kwamba pumu ni baridi iliyoganda, na baridi huyeyushwa kwa mvuke wa majani ya mkaratusi. Akirudi na kichupa chake kipya atamkuta mtoto anaruka kamba.

Jumanne, 8 Julai.

Leo mwandiko mbaya.

Sauda alipoondoka nikawasha moto jikoni. Kuni zilikuwa mbichi. Nikafunga mlango ili mvuke usipotee. Nikamketisha Naima mbele ya sufuria, nikamfunika blanketi. Akasema kuna moshi. Nikasema vumilia, mama. Akasema kuna moshi, baba. Kisha hakusema.

Nikafunua. Filimbi hakuna. Kifua kinapanda na kushuka lakini sauti hakuna, ngozi ya shingo inazama ndani kila anapovuta, midomo imepauka kama ya mtu aliyeoga majivu. Ananitazama. Mtoto hakuwa hata analia, hakuwa na pumzi ya kulilia.

Nikamtoa nje. Nikarudi mbio, nikaingiza mkono kwenye makuti. Haipo! Imeteleza ndani. Nikapanda juu ya kinu, kinu kikapinduka. Nikaanza kulibomoa paa kwa mikono huku napiga kelele, sijui nilikuwa namwita nani.

Akaja Severini. Akamwona Naima, akaniuliza dawa yake iko wapi. Nikaonyesha paa. Alinitazama kidogo tu. Kisha akashika ukingo wa paa akauvuta wote chini, mtu mrefu yule, na dawa ikadondoka. Ikadondoka ndani ya sufuria inayochemka.

Akanipakia na Naima kwenye pikipiki yake. Mtoto katikati, kichwa chake shingoni kwangu, na mimi nahesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Kabla ya barabara ya lami tukamwona Sauda anarudi kwa miguu. Aliona kabla hatujasimama. Alikimbia na boksi mkononi, analirarua kwa meno. Alimketisha Naima pale pale kando ya njia, akamwekea mdomoni, akabonyeza.

"Vuta, mwanangu. Taratibu. Tena. Mama yupo."

Ikarudi filimbi. Sijawahi kufurahi kuisikia mpaka leo. Severini akawachukua wao wawili kwenda zahanati, wakamwekee oksijeni. Pikipiki haikuwa na nafasi yangu. Nilitembea.

Niliogopa. Basi, nimeandika.

Jumatano, 9 Julai.

Naima mzima. Kala chapati. Alhamdulillahi.

Mengine yote ni ya kukasirisha. Nesi Consolata kanisema mbele ya foleni nzima ya kina mama wenye watoto wa chanjo. Kasema mvuke na moshi kwa mtoto wa pumu ni hatari. Kasema hakuna jani wala mafuta wala asali ya kuchukua nafasi ya dawa ya kuvuta. Asali! Nikamgeukia Severini, aliyekuja kuwarudisha kwa pikipiki, nione uso wake. Akamjibu nesi, nimesikia, dada, sitaleta tena. Hivyo tu! Mtu anashindwa halafu haumii! Utamfurahia vipi?

Kisha nesi akauliza dawa ya kwanza ilipoteaje. Severini akatazama viatu vyake. Hakunitaja. Nilichukia mpaka masikio yakawaka moto. Nani kamwomba anisitiri?

Naima ndiye aliyesema, kwa sauti iliyokauka. "Baba aliiweka kwenye makuti. Nilimwona."

Alijua! Tangu juzi! Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumwambia mama yake. Kasema alidhani nitairudisha.

Sauda hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu. Tulipofika nyumbani akafunga nguo za mtoto kwenye kanga.

"Baba Naima, sikuulizi kwa nini. Nikikuuliza utanijibu."

Wamekwenda Miteja. Watakaa huko mpaka upulizaji uishe, kasema, na baada ya hapo ataona. Ataona nini, hakusema. Jiko halina paa.

Jumapili, 13 Julai.

Nyumba kimya. Nimekula muhogo wa kuchoma siku zote hizi. Leo Severini kaniletea wali na samaki, kaweka barazani, kaondoka bila kunisubiri nimfukuze. Nimekula kwa hasira.

Mchana nikapiga simu Miteja. Mama mkwe kapokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayetema mbegu. Kasema Naima hajakohoa tangu afike, na kutwa anakimbizana na wenzake. Ni uji, bila shaka atasema ni uji! Nikaomba kuongea na mwanangu.

Kanisimulia habari za ng'ombe wa jirani aliyeingia darasani. Kasimulia yote bila kupumzika, maneno yamefuatana kama maji. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Akauliza nitakwenda lini kuwaona. Nikasema Ijumaa, Inshallah.

"Baba, utakuja mikono mitupu? Bila dawa?"

Nikasema mikono mitupu.

"Apa."

Nikaapa. Akacheka. Nikasikia Sauda kwa nyuma naye anacheka kidogo, au anakohoa, lakini nadhani anacheka.

Nitakwenda. Kiapo ni kiapo, na mimi siyo mtu wa kuvunja kiapo kwa mtoto. Mikono itakuwa mitupu kabisa, nitaipunga kutoka mbali waione.

Mayai ya kware nitayaweka ndani ya kofia, kichwani. Kundini wamethibitisha jioni hii, mtu wa Muscat kabisa: mabichi, kabla ya jua kuchomoza, na pumu haikumbuki hata njia ya kurudi. Sadick wa Nangurukuru anafuga. Lazima niingie mlangoni bila kuinamisha kichwa, na kwa mama mkwe sitainama hata hivyo.