Sarafu za Roma Zapanda Kibosho

Mwaka ule ambao kila mwenye gari alijiita mnunuzi wa kahawa, Mikidadi wa Pasua, mjini Moshi, aliokota koki mbovu za shaba jalalani, akaona utajiri. Fundi mmoja akaziyeyusha, akamtengenezea sarafu tatu. Wakaziloweka kwenye siki na chumvi, wakazifukia kwenye samadi, zikatoka na ukijani wa heshima, utadhani zimezikwa na mfalme.

Akapanda nazo Kibosho kwa Salvina, mjane mnunuzi wa kahawa, ambaye mizani yake, wakulima walisema, ilihitaji kuungama.

"Shikamoo mama. Hizi zimetoka Roma, kabla ya Yesu."

"Marahaba. Roma ya Baba Mtakatifu?"

"Hiyo hiyo. Wazungu wanaopanda mlima wanazigombania."

Salvina akaigeuza ya kwanza. "Huyu ng'ombe mbona ana meno?"

"Ni mbwa mwitu jike, mama. Ananyonyesha mapacha walioujenga mji. Maana yake, mwenye nayo hata adui atamlisha. Huyu wa nyuso mbili ni mlinzi wa milango, anaona anayeingia na anayetoka. Na huyu bibi mwenye pembe iliyofurika matunda ni neema yenyewe. Ghala lake halikauki."

"Mbona ndani ya pembe mna ndizi?"

Mikidadi akamlaani fundi kimoyomoyo. "Warumi walifika mbali, mama."

Salvina akazifumbata. "Hela sina. Chukua magunia manne ya kahawa."

Mikidadi akafungua gunia, akanusa, akatafuna punje kama mtaalamu. Safi kabisa.

Akakodi pikapu na dereva wake, akashika njia ya Holili. Ng'ambo, Kenya, kahawa ilikuwa na bei tamu, japo kuivusha kwa magendo ilikuwa jela. Karibu na mpaka, polisi wakawasimamisha.

"Magendo haya," alisema Afande Aminieli, pingu mkononi. "Utaozea ndani."

Aminieli akapenyeza mkono guniani hadi kiwiko, akatoa makapi. Gunia la pili, makapi. Kahawa ilikuwa juu juu tu.

"Unavusha nini wewe?"

Mikidadi akaelewa alivyopigwa changa la macho. Hasira zikampanda, kisha akazitazama zile pingu.

"Makapi, afande!" akapaza sauti kwa furaha. "Makapi matupu! Ya kutandikia kuku!"

"Na hii kahawa ya juu?"

"Ya kwako, afande."

Aminieli akavua kofia, akaijaza. Pikapu ikageuzwa. Njia nzima hadi Moshi dereva alimsikia abiria wake akimtukana Salvina na kumwombea maisha marefu, kwa zamu.